Rukia Hajapanda Lori

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanarusi kilikuwa ndara. Ndara za Fauzia, wifi yake, zilikuwa kando ya ukuta wa jikoni, zimewekwa sambamba kama za mtu aliyeingia kuswali, na Fauzia mwenyewe hakuwamo ndani wala hakuonekana uani. Mtu havui ndara juu ya changarawe ya moto bila ya sababu. Mwanarusi aliziangalia, akataka kulifikiria jambo hilo, lakini mtoto mgongoni akaanza kulia na wazo likaenda zake.

Mtoto ni Alfani, mwaka mmoja na miezi miwili, meno mawili yakimtoka kwa pamoja. Dada yake wa miaka minne alikuwa amepewa jina la nyanya yake mzaa baba, na kwa kuwa jina la mkwe halitamkwi ovyo, nyumba nzima ilimwita Wajina. Wajina alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, akimuuliza mama yake kwa mara ya saba kwa nini kuku hana masikio.

"Anayo, yamejificha. Nyamaza kidogo, mama, nimalize."

"Umalize nini?"

Hilo Mwanarusi alimficha kila mtu pale Milalani, mtoto na mkubwa. Alikuwa akitunga mchezo wa redio. Miezi minane sasa, kila wiki sehemu moja, mchezo ulikuwa ukitoka kwake na kwenda kwenye kituo kidogo cha redio kule Ukunda, karibu na Kona ya Musa, na huko watu wenye sauti nzuri waliuigiza. Aliyejua ni mumewe peke yake, Abdulrahim, naye alikuwa mpishi wa hoteli kisiwani Chale, harudi ila kila baada ya wiki mbili. "Tutamwambia mama," alisema Abdulrahim kila akirudi. "Ngoja kwanza." Mwanarusi hakupata tabu kungoja. Alikuwa mtu wa kungoja tangu alipotolewa shule darasa la sita ili amuuguze mama yake, na tangu hapo kila alipoona karatasi ya kujazwa mbele za watu alijisingizia kusahau miwani, ilhali hajapata kuvaa miwani maishani mwake.

Kuandika kwa mkono kulimchosha, tena daftari likiwekwa chini Wajina hulichora. Kwa hiyo alifanya kazi kwa mdomo. Mtoto mgongoni, simu kifuani ndani ya leso, huku akichambua mchele au akifua, alitembea nyuma ya jiko na kuyasema maneno ya watu wake mmoja mmoja, kila mmoja kwa sauti yake, akajirekodi na kuyatuma. Kule Ukunda, Eunice, msimamizi wa vipindi, aliyasikiliza na kuyapiga chapa. Mwanarusi alisimama tu mtoto alipolia, au maji yalipochemka, au mavyaa yake, mamake Abdulrahim, alipoita.

Na mavyaa yake aliita. "Mwanarusi! Umeziona funguo?" "Mwanarusi! Njoo unitilie uzi sindanoni." Bi Twaiba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuita tu.

Siku hiyo ilikuwa ya kutuma sehemu ya mwisho ya mchezo. Eunice alikuwa amepiga tangu asubuhi, na Kiswahili chake cha bara kilikuwa kikikimbia: "Dada, leo si mchezo. Saa saba kamili waigizaji wako studio na mimi sina mwisho. Bosi ameshasema, ukichelewa tena, mchezo ujao anampa yule jamaa wa Mombasa. Na nimekupigania, Mwanarusi. Usiniangushe."

Na mwisho haukuja. Mke wa mchezoni, Rukia, alikuwa barabarani na furushi la nguo, na dereva wa lori alikuwa akimngoja. Je, apande au asipande? Mwanarusi alikuwa amempandisha na kumshusha tangu alfajiri. Akienda, watu watamlaani. Akirudi nyumbani, mwenyewe atajisikia kama aliyefungiwa mlango. Akaanza tena, tangu Rukia akiwa bado nyumbani, akazunguka shina la mpapai, akainamisha kichwa kwenye simu.

"Usije mlango wa mbele," alinong'ona kwa sauti ya Rukia. "Pitia huku nyuma. Mavyaa amelala."

Kisha, kwa ajili ya dereva, akaizamisha sauti kifuani. "Nguo umechukua? Tukishafika Mackinnon Road hakuna atakayetujua, mpenzi."

"Na watoto wangu?"

"Mama!" akaita Wajina. "Kuku ana masikio! Nimemshika!"

Kuku akapiga kelele, Alfani akaamka, na rekodi ikaharibika.

Alipozunguka jiko kwenda kumwokoa kuku, zile ndara hazikuwapo tena.

Adhana ya adhuhuri ilipomalizika, Bi Twaiba alitokea uani. Hakuita. Alikuja mwenyewe, buibui begani, na nyuma yake Fauzia, amejishika kiuno.

"Lete simu," Bi Twaiba akasema.

"Mama?"

"Nimesema lete hiyo simu."

Mwanarusi akaitoa kwenye leso na kumpa. Hajapata kumnyima kitu. Lakini ilikuwa saa sita u nusu tayari.

"Haya, mwambie," Bi Twaiba akamwambia binti yake.

"Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili," Fauzia akasema. "Eti pitia nyuma, mavyaa amelala. Eti Mackinnon Road! Kaka yangu yuko Chale anaungua mikono kwa mafuta ya watu, na wewe mtoto mgongoni, unamwita mwanamume uani kwetu. Na vile ulivyo mpole! Mtu akikuamkia, unamjibu kwa kidevu."

"Si mwanamume," Mwanarusi akasema.

"Basi ni jini?"

"Ni mimi."

Fauzia akacheka cheko moja kavu. "Wewe ndiye uliyejiita mpenzi?"

Mwanarusi akamsogeza mtoto mgongoni. Maneno alikuwa nayo mengi, lakini yote yalikuwa ya watu wengine, ya Rukia na dereva na majirani wa Rukia. Alfani alikuwa akimvuta sikio. Wajina alikuwa amesimama na kuku kwapani, akiwatazama wakubwa kwa zamu. Akilini mwa Mwanarusi dakika zilikuwa zikidondoka, aliona kama anazisikia.

Simu ikalia mkononi mwa Bi Twaiba.

"Ndiye huyo," akasema Fauzia. "Ishike, mama! Ishike, umsikie!"

Bi Twaiba akabonyeza. Sauti ikamwagika ua mzima, kwa maana ile simu ilikuwa haisikiki ila kwa spika.

"Mwanarusi, sasa? Rukia amepanda lori ama hajapanda? Waigizaji wameshafika, huyu wa dereva ana harusi saa tisa, anataka kujua kama anabaki!"

Bi Twaiba aliitazama simu, kisha akaisogeza mdomoni kama mtu anayepuliza uji wa moto.

"Rukia yupi?" akauliza. "Rukia yule wa Ijumaa jioni?"

"Ndio huyo. Wewe ni nani? Mwanarusi yuko?"

"Mimi ni mkwewe."

"Ah! Shikamoo, mama. Mimi Eunice wa redio. Tafadhali mwambie mwandishi wetu tunamngoja yeye tu. Dakika ishirini na tano." Simu ikakatika.

Fauzia alimwangalia Mwanarusi, akamwangalia mama yake, kisha akajikalisha taratibu juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mwandishi," akasema, kama anayelionja neno.

Kila Ijumaa jioni Bi Twaiba hutandika jamvi barazani, majirani wakaja, na redio ikawekwa katikati yao. Huko ndani Mwanarusi hunyamaza akawasikia wakicheka pale alipotaka wacheke. Na aliyecheka kuliko wote ni Bi Twaiba, hasa kwa yule kizee wa mchezoni, mavyaa yake Rukia, anayebandika kiganja juu ya unga ndani ya debe ili ajue kesho kama umeguswa. "Kizee kile!" husema, akijipiga mapaja. "Mungu amnusuru mkaza mwana wake!"

Sasa Bi Twaiba alikuwa ametulia, na uso wake ulikuwa ukibadilika kidogo kidogo. Aligeuza mkono wake wa kulia, akakitazama kiganja. Palikuwa na weupe wa unga katikati ya vidole.

"Fauzia," akasema, "mtoe huyu mtoto na kuku."

"Lakini mama, nataka kusikia."

"Ondoka!"

Fauzia akaondoka na Wajina, Wajina na kuku.

Wakabaki wawili, na Alfani katikati, aliyekuwa ameshateleza kutoka mgongoni mpaka kiunoni. Bi Twaiba akamnyooshea simu. Mwanarusi akaipokea kwa mikono miwili. Angeweza kukimbia nayo chumbani sasa hivi. Dakika ishirini. Lakini mtoto alikuwa akilia, na chumbani angelia zaidi, na mwisho ulikuwa bado haujaja, na yule mama alikuwa bado amesimama.

"Nikuulize kitu, unijibu," Bi Twaiba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kuita. "Kizee yule wa unga. Ni mimi?"

Jibu la adabu lilikuwapo, tayari ulimini. Hapana, mama, ni mtu wa kubuni tu, Mungu apishe mbali. Angelisema, mambo yangetulia, mtoto angebaki kiunoni mwake, na mwakani yule wa Mombasa angekuwa ndiye anayetunga. Mwanarusi aliifungua leso. Alimtoa Alfani akipiga mateke, akamweka mikononi mwa nyanya yake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama mama huyo machoni.

"Ni wewe, mama. Na anayetaka kupanda lori ni mimi. Si kwa ajili ya dereva, dereva simtaki. Natamani kwenda mahali ambapo hakuna anayeniita mpaka nimalize sentensi moja. Nishikie mtoto nikaumalize mchezo. Usiniite."