Mpini Uliohamia Kulia

Lidwina alikuwa na hakika kwamba marehemu babu yake, Polikarp, alitumia mkono wa kushoto. Vinginevyo, mtu mwenye akili zake angewekaje mpini wa mashine ya kupukuchulia mahindi upande wa kushoto? Na si mashine moja. Tangu babu afungue karakana yao hapa Songea, hata baada ya kumwachia mwanawe Pankrasi, kila mashine iliyotoka ilizungushwa kwa kushoto. Wakulima nao walinunua bila kunung'unika, Mungu awabariki.

Mwaka huu Mzee Pankrasi alimkabidhi binti yake funguo za karakana, na jambo la kwanza alilofanya Lidwina ni kuuhamishia mpini kulia. Baba akaizunguka mashine mara mbili, akakohoa.

"Ipeleke Mpitimbi. Akina mama wa kule wakiikubali, karakana ni yako moja kwa moja. Wakiikataa, narudi kazini."

Lidwina alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Alimjua baba yake: akirudi, hatamwachia tena hata bisibisi.

Jumamosi yeye na baba yake wakaishusha mashine kutoka kwenye pikapu, uwanjani kwa Bibi Hilda, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliotaka mashine tano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, tuone."

Bibi Hilda akashika mpini kwa kulia. Akaokota hindi kwa kushoto, akasita, akalirudisha. Akabadilisha: kushoto kwenye mpini, kulia kwenye mahindi. Mikono ikapishana kifuani, nusura khanga inaswe. Wenzake wakaangua kicheko. Wa pili akajaribu, ikawa vilevile.

"Mbona mmeigeuza?" aliuliza Bibi Hilda. "Polikarp alipoleta ile ya kwanza, nilikuwa msichana, mpini ulikuwa hukuhuku kulia. Mama yangu akamwambia, sisi chakula hatukishiki kwa kushoto. Akaondoka nayo, akairudisha mpini uko upande wa pili."

Masikio ya Lidwina yaliwaka kwa aibu. Kumbe babu aliwasikiliza wenye mahindi. Yeye hakuuliza mtu.

Hakumtazama baba yake. Alichukua spana, akafungua mpini, akafungua na gurudumu zito la upande wa pili, akavibadilishana nafasi. Dakika kumi hazikufika. Bibi Hilda akazungusha kwa kushoto, akatia mahindi kwa kulia, punje zikamiminika kwenye turubai. Vigelegele vikapigwa.

"Sasa hii ndiyo! Tuleteeni tano."

Baba alikuwa ameegemea pikapu. Lidwina akamwendea.

"Mbona hukuniambia, baba?"

Mzee Pankrasi akainama, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Ningekuambia nini? Miaka thelathini nilidhani mzee alikosea kupima, nikaona haya kumsahihisha. Hata baada ya kumzika bado nilimwogopa."

Akafuta machozi ya kicheko, akafungua mlango wa upande wa abiria, akaketi.

"Twende, bosi. Tuna mashine tano za kutengeneza."