Hapana ya Mtanashati

Jumamosi ya tisa mfululizo mtafiti alikuwa peke yake maabarani, jicho kwenye hadubini, akihesabu mayai ya wadudu kwenye majani ya mahindi. Shingo ilikuwa imekakamaa. Miaka saba alikuwa akiwafuatilia wadudu wale, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Mwenzake, waliyemwita Mtanashati, alikuwa na miezi mitano tu kazini. Mkurugenzi alipomtaka aje kusaidia, kijana alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu, "Hapana, mkuu. Jumamosi nina mambo yangu."

Mkurugenzi alicheka. "Huyu anajua thamani yake."

Mjomba wa kijana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi.

Wivu ulimchoma mtafiti kama mwiba wa samaki. Hakulionea wivu gari la kijana wala viatu vyake. Alichokitamani ni ile hapana, ilivyomtoka kirahisi kama chafya.

Akaifanyia mazoezi mbele ya kioo. Jumatatu, mkurugenzi aliposema ripoti ya wadudu itatoka kwa jina la Mtanashati, mtafiti alisimama. Sauti ikamtii.

"Hapana, mkuu. Kazi ni yangu, jina langu litangulie. Na Jumamosi siji tena."

Safari hii mkurugenzi hakucheka. "Dada yangu, naona umeota mapembe." Akafungua faili taratibu. "Mkataba wako unakwisha lini vile?"

"Mwezi ujao."

"Haya. Umejibu mwenyewe."

Nyumbani, mama yake aliacha kukunja nguo. "Mkono usioweza kuukata, ubusu. Kaombe radhi, mwanangu."

Hakwenda. Kesho yake alikuta amehamishiwa chumba cha kuoshea vyombo vya maabara. Meza yake ilikuwa na koti la Mtanashati.

Wiki mbili baadaye wafanyakazi wote waliitwa ukumbini kwenye semina: Kujisemea na Kuweka Mipaka Kazini. Mtoa mada alikuwa Mtanashati. Aliongea vizuri, vizuri mno, na mtafiti alijichukia kwa kuitamani hata sauti yake.

"Nani hapa amewahi kumwambia bosi wake hapana?"

Watu wakainamia viatu vyao. Mtafiti peke yake akainua mkono.

Mkurugenzi, mstari wa mbele, akageuka akamwona. "Vizuri, dada," akasema kwa upole. "Kwa kuwa una nafasi, hebu tugawie maji. Anza na mtoa mada wetu."

Mkono ulikuwa ungali juu. Ukumbi mzima ukamgeukia, ukingoja maji.