Matete ya Mama Mkwe

Kamene alipochoka kufuata maji kule mbali, aliweka mtungi chini akarudi kwao. Hakugombana na mtu. Musili, mumewe, ndiye aliyefyeka matete ya kinamasi chao pale Ekalakala ili apande kabichi. Chemchemi ikakauka, na kabichi nazo zikafuata. Mwanamume mzima akabaki akijipikia mahindi na maharagwe yasiyoiva, na roho inamuuma.

Asubuhi moja alikuwa kinamasini, kaptura tu mwilini, akifyeka kichaka cha mwisho, aliposikia wimbo wa mwethya, kile kikundi cha kazi za pamoja. Wanawake walikuwa wanakuja kurudishia matete, na aliyewaongoza alikuwa Munyiva, mamake Kamene. Musili akaona dunia imemwishia. Kwa Wakamba kuna nthoni: mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, sembuse mmoja akiwa nusu uchi. Akajitosa kichakani. Laiti angalifyeka kidogo jana! Alipoficha kichwa, makalio yalibaki nje. Alipoyaingiza makalio, kichwa kikatokeza.

Munyiva aligeuka upesi, akampa mgongo. Kwa kuwa haikufaa kumsemesha, aliyasemesha matete.

"Nyinyi matete, ambieni huyo mtu bibi yake ako sawa. Atarudi siku mtanifika kichwani."

Musili naye akatafuta wa kumtuma, akamwona chura. "Chura, sema nimesikia."

Wanawake walicheka mpaka majembe yakawaponyoka. Musili hakucheka, maana Munyiva alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa pale Ekalakala.

Tangu siku hiyo alipanda matete, akayazungushia miiba, akawa anafukuza ng'ombe wa watu kama askari aliyeajiriwa. Mvua ya masika ikapita, ya vuli ikapita. Siku Munyiva alipokuja kujipima, kilemba alikuwa amekifunga juu, juu kabisa. Musili, safari hii ndani ya suti ya kanisani, alikuwa amejificha mateteni vizuri, haonekani hata kidogo.

"Chura," akasema, "hebu uliza kama kitambaa kinahesabiwa."

Miguu ikasikika ikienda zake. Kisha, nyuma yake, pale palipokuwa pamekauka, akasikia maji yakiingia mtungini.

"Hakihesabiwi," Kamene akasema. "Mama ashaenda. Toka huko unibebee mtungi."