Vidonge vya Magoti

Muuza dawa wa Maili Moja alimwambia Sada mara mbili, na Sada alisikia mara zote mbili.

"Hii diklofenaki inashusha uvimbe wa magoti. Lakini kile inachokizuia mwilini ndicho pia kinacholinda ngozi ya ndani ya tumbo. Kikikosekana, tumbo linachubuka. Basi kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, awe ameshiba. Kama amefunga, asimeze kabisa. Na mkiona choo cheusi kama lami, hapohapo hospitali."

"Nimeelewa, kaka."

Mgonjwa alikuwa mama mkwe wake, Bi Mwanahalima, naye alikuwa amefunga zile sita za Shawali. Aliyataka magoti yake kwa safari moja tu: akimaliza sita, aende Kisarawe kumposea mwanawe Jabiri, mume wa Sada, mke wa pili, maana Sada alikuwa na miaka saba ndani ya nyumba ile bila mtoto. Jabiri mwenyewe hakutaka. Lakini mama akishaweka posa mbele ya wazee, mwanawe huyo asingethubutu kumwaibisha. Ndivyo Sada alivyoamini.

Alirudi nyumbani Sofu na maneno ya muuza dawa yakiwa mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekawia, utadhani ulikwenda kujifungua!" Bibi akacheka peke yake. "Haya, amesemaje huyo bwana?"

Sada akamkabidhi vidonge. "Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni."

"Na mimi nimefunga! Nitavimeza vyote vitatu wakati wa daku, vinishikilie mpaka magharibi."

Daku yake ilikuwa tende moja na bilauri ya maji.

"Utakavyoona mwenyewe, mama."

Magoti yalitulia kweli. Siku ya pili bibi alisali amesimama, kiti kikawekwa pembeni. Akawa anapitapita uani, anaita, "Sada! Mwenzio yu njiani, anza kujifunza kusogea kitandani!" Siku ya tatu alishinda amejishika chembe cha moyo. Siku ya nne Sada aliingia kuosha choo, akaona. Cheusi, kinang'aa, harufu yake si ya kawaida. Akasimama na ndoo mkononi. Halafu akamwaga maji, akasugua sakafu mpaka ikatakata, akaenda kuchambua mchele.

Siku ya tano, adhuhuri, bibi alitapika juu ya mswala vitu vyeusi kama machicha ya kahawa.

"Tumbo limechimbika, damu inavuja," daktari alisema hospitalini. "Nani alimwacha ameze dawa hizi na njaa?"

Jabiri akamgeukia mkewe. "Dukani hawakukwambia kitu?"

"Hawakuniambia kitu. Wallahi."

Aliapa hivyo, kwa jina la Mola wake, na sauti haikutetemeka.

Bi Mwanahalima alikuwa amekauka midomo, lakini mkono wake ukamkamata mwanawe. "Kisarawe," akasema. "Niahidi."

Jabiri akalia kama mtoto, akaahidi. Kabla ya magharibi mama yake alikuwa amekata roho.

Arobaini ilipopita, Jabiri alisimama mlangoni.

"Sada, nitafutie kanzu yangu nyeupe. Wazee wa Kisarawe wananingoja."

"Lakini wewe mwenyewe ulikuwa hutaki, mume wangu."

"Sikutaka, na sasa hivi sitaki. Angekuwa hai ningeendelea kumkatalia."