Mbegu kwenye Mdomo wa Bomba

Moto haukuwahi kumtisha Bibi Walburga. Miaka sabini ameukoka, ameulaza, ameuamsha alfajiri kwa pumzi mbili tu, nao ukamtii kuliko hata marehemu mumewe. Basi alipotoka kijijini kwake Maposeni mvua za kwanza za Novemba zikianza, akaja kukaa kidogo na bintiye Noela, dobi wa Ruhuwiko mjini, na kukuta mashine inayokausha mashuka bila jua wala moshi, alishika mdomo.

"Jamani! Mmelifungia jua kwenye sanduku?"

"Inaitwa draya, mama," Noela akacheka. "Usiiogope."

Bibi alikuwa amekuja na kapu ambalo hakutaka mtu aliguse. Ndani mlikuwa na mahindi ishirini na maganda yake, meupe, ya punje nene, mbegu aliyoachiwa na mama yake mzazi. Siku hizi Maposeni nzima inapanda mbegu ya dukani. Ile ya mama yake ilibaki ndani ya kapu lile tu, ikingoja kurudi shambani Desemba. Ikifa, ndiyo imekwisha.

Nyumbani mbegu hukaa darini juu ya mafiga, moshi ukifukuza fukusi. Kwa Noela wanapikia gesi. Moshi utoke wapi? Bibi akaizunguka nyumba, akafika nyuma ya chumba cha mashine, na hapo akakuta bomba limetokeza ukutani, linapumua upepo wa moto. Mungu ni mwema! Akayafunga mahindi yake pale mdomoni mwa bomba, akayafunika kwa gunia mvua isiyapige. Hakumwambia mtu. Amwambie nani, aambiwe mambo ya kijijini?

Wiki haikuisha Noela akaanza kunung'unika. Nguo zinatoka za moto, lakini mbichi. Akawa anazirudisha mara ya pili, na ya tatu.

Jumamosi, kesho yake ikiwa sikukuu ya Kristo Mfalme, mvua ilikuwa inamwagika na ndani ya draya yalikuwa yanazunguka magauni meupe ya watoto wa komunyo ya kwanza. Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mara akanyanyua pua.

"Noela, zima hicho kitu."

"Ni joto lake tu, mama."

"Miaka sabini nimelala chini ya paa la nyasi, na harufu hii naijua. Zima!"

Noela akazima swichi ya ukutani. Nyuma ya kioo cha draya moshi ulikuwa unajiviringisha, na chini yake wekundu. "Yesu wangu, magauni ya watu!" Akaurukia mlango wa mashine. Bibi akamdaka mkono kwa nguvu ambazo hata yeye hakujua bado anazo.

"Ukifungua, unaupa pumzi! Mkaa unachomwaje? Si unafukiwa? Uache ufe humo humo. Twende nje!"

Wakasimama mvuani, Noela akipiga simu zimamoto. Gari lilipofika, moto ulikuwa umeshajifia kwa kukosa hewa.

Askari mmoja, Muhsini, mzaliwa wa Nakapanya, alimwamkia Bibi shikamoo, kisha akaifungua mashine kwa nyuma. Akachomoa furushi la nyuzinyuzi za kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga. Akamega kiasi cha ncha ya kidole, akakiweka juu ya jiwe barazani, akawasha kiberiti.

Fuu! Bibi hakuwahi hata kupepesa jicho. Hapakubaki kitu, hata majivu ya kushika.

Akaliangalia lile jiwe kwa muda mrefu. Alidhani moto anaujua wote, wa kuni, wa nyasi, wa mkaa. Huu haukumngoja hata aupulize. "Yaani moto wote ule umejificha kwenye kitu laini hivi?"

"Ni nguo zetu wenyewe, bibi. Mashine inazinyoa kidogo kidogo. Ndiyo maana chujio la kuzinasa husafishwa kila mzigo, na bomba huachwa lipumue. Hili limezibwa."

Wakazunguka nyuma. Noela alipoliona gunia akafoka, "Watoto wa jirani hawa, nitawaonyesha!"

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Bibi akasogea mbele. "Waache watoto wa watu. Ni mimi."

Gunia likanyanyuliwa. Maganda yalikuwa ya kahawia, yamejaa zile nyuzinyuzi. Noela alimtazama mama yake. "Mama, nusura uniunguze."

Ilimchoma Bibi, lakini ulimi ulikuwa bado wake. "Na wewe hilo chujio umelisafisha lini? Nilikufundisha nini? Moto mpya haukokwi juu ya majivu ya jana." Walikuwa wamekosa wote wawili.

Muhsini aliitazama punje moja kiganjani. "Subhanallah. Bibi, sidhani kama hizi zitaota."

Magauni yalifuliwa upya na kukaushwa kwa pasi hadi jioni. Mawili tu yaliungua pindo, yakashonwa. Bibi hakuyajali. Alizifunga punje kumi kwenye kitambaa kibichi, akaziweka chini ya kitanda chake. Kila siku alifungua, kila siku hakuna. Siku ya sita, punje tisa zilikuwa zimeoza. Punje ya kumi ilikuwa imetoa mzizi mweupe, mfupi kama ukucha wa mtoto.

Akakaa chini, kitambaa mkononi. "Noela! Njoo uone!"

Noela alikuja mbio, chujio la draya mkononi, ametoka kulifuta. "Moja tu, mama?"

"Moja! Imepita kwenye moto ule na bado inataka udongo." Machozi yalimtoka waziwazi. Akalivuta kapu, akaanza kupukuchua mahindi yote yaliyobaki, punje kwa punje, maana sasa hakujua ni ipi iliyo hai.

Kitambaa kile kisingetosha hata robo. Noela akatazama lile rundo linavyokua, akaenda kabatini, akatoa mashuka yake mwenyewe yote, makavu, yamekunjwa vizuri. Akayatumbukiza kwenye ndoo ya maji.