Nukta-mkato ya Mama Makabati

Fundi wa kompyuta alimbandika katibu wa shule jina la Mama Makabati kwa sababu ya makabati yake ya karatasi, na siku katibu huyo alipomuuliza faili la mipangilio ya seva husomwaje, fundi alimcheka mbele ya walimu. Mama aliweka fundo moyoni, akajifunza mwenyewe miezi mitatu, mstari kwa mstari.

Asubuhi ya matokeo ya mtihani, fundi alibadilisha faili hilo, akaiwasha seva upya, na tovuti ya shule ikagoma. Wazazi wakapiga simu mfululizo. Mwalimu mkuu akamsimamia fundi kichwani. Mama Makabati alichungulia skrini mara moja tu, akaona amri moja haina nukta-mkato (;) mwishoni, alama ambayo ikikosekana seva haiwezi kulisoma faili, kisha akarudi kukaa. Alimwacha ahangaike saa nzima, na roho yake ikaburudika.

"Mama, kama unajua, nisaidie," fundi akasema hatimaye.

"Sema kwa sauti. Walimu hawajasikia."

Akarudia. Mama akaiweka ile nukta-mkato, akaiwasha seva, tovuti ikafunguka.

"Kuanzia leo seva ni ya mama. Mpe nywila," mwalimu mkuu akaamuru.

Fundi akaitaja. Mama Makabati alikuwa ameisikia vizuri, lakini alimtaka aitaje upya, herufi moja moja.