Kompyuta ni Nzima

"Kompyuta nimeipima mara tatu," nilisema. "Ni nzima."

Nilisema hayo mbele ya wanakamati kumi na mmoja walioketi kwenye mabenchi ya zahanati ya kanisa letu pale Kisian, Jumapili moja baada ya ibada. Baba yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ameshika ramani ya wodi mpya ya kujifungulia. Alikuwa ametoka tu kuwaeleza kwamba makosa waliyoyaona kwenye ramani hiyo, ule mlango uliofungukia ukutani na dirisha lililopotea, yalitokana na kompyuta. Skrini ilikuwa inamletea mistari ya rangi ya waridi na vidoti vilivyofunika kazi yake. Kisha alinigeukia, akasema kwa fahari, "Binti yangu ni fundi wa hizi mashine. Mwulizeni."

Wakaniuliza. Nami nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walitazama sakafu, mmoja akakohoa, na Mama Adero, mwenyekiti wa kamati, akavua miwani akaifuta kwa pindo la leso yake. "Basi, Mzee Waliaula," akasema polepole, "tunakushukuru sana kwa yote uliyotufanyia."

Mtu akishukuriwa hivyo ajue ameshaondolewa. Baba aliitazama ile ramani kidogo, kisha akaikunja. Aliikunja mara nne, akaibana kwapani. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinifundisha kwamba ramani haikunjwi, huviringishwa. Sasa nilimwona akiikunja.

Baba yangu, Joram Waliaula, alitoka Bungoma akiwa kijana akaja Kisumu kuchora ramani katika ofisi ya ujenzi ya serikali. Alichora miaka thelathini na mmoja. Madarasa, vyoo vya shule, nyumba za walimu, soko moja au mawili. Alipostaafu tuliendelea kuishi Otonglo, naye akaendelea kuchora kwa yeyote aliyemwomba, mpaka mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Hapo mistari yake ikaanza kuyumba. Alikuwa akiifuta na kuirudia, akiifuta na kuirudia, hadi karatasi inatoboka.

Ndipo nikamuundia kompyuta. Kwenye kompyuta mkono ukitetemeka si neno. Unaonyesha mwanzo wa mstari na mwisho wake, mashine inaunyoosha. Alijifunza akiwa na miaka sitini na minane, akiandika kila hatua kwenye daftari, na baada ya miezi mitatu alikuwa akichora tena kama zamani. Watu walikuja kuitazama. Aliwaambia wote, "Hii ni ya Jentrix. Aliiunga kwa mikono yake."

Jambo ambalo hakuwaambia, kwa sababu hakulijua, ni mahali nilipotoa baadhi ya vipande. Kadi ya grafiki, kile kipande cha ndani kinachotengeneza picha yote unayoiona kwenye skrini, niliinunua kutoka kwa kibanda cha michezo ya video kule Nyalenda kilichokuwa kinafungwa. Ilikuwa imekimbizwa mchana kutwa kwa miaka mitatu, kwenye chumba cha mabati kisicho na dirisha. Nilijua. Niliipangusa vumbi la juu, nikaipachika, nikamwambia baba ni kama mpya.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, akanipigia simu. "Jentrix, mashine inanipaka waridi."

Nilicheka. Kesho yake nikapita asubuhi, kabla ya kwenda kufungua duka langu karibu na soko la Kibuye. Niliwasha kompyuta, nikafungua programu yake ya kuchora, nikatikisa kebo. Picha ilikuwa safi.

"Baba, mbona iko sawa?"

"Haianzi sasa. Inaanza nikishakaa nayo. Wewe ngoja tu."

"Nina wateja, baba."

Nilikwenda mara ya pili, asubuhi vilevile, dakika kumi. Safi. Mara ya tatu nilimkuta amenitayarishia karatasi. Alikuwa amechora kile alichokuwa akikiona: skrini nzima kwa penseli za rangi, mistari saba ya waridi ikishuka kutoka juu, wa tatu mnene kuliko mingine, na vidoti vya kijani vikiwa vimerundikana pembeni kushoto. Chini yake aliandika kwa zile herufi zake za ofisini, zilizosimama wima ingawa mkono ulitetemeka: Jumanne, kuwasha, saa nane na dakika kumi. Mistari, saa nane na dakika hamsini na tano. Jumatano, kuwasha, saa tatu kamili. Mistari, saa tatu na dakika hamsini.

Niliitazama karatasi ile nikaona mzee aliyekaa peke yake na penseli za rangi. Nilimwonea huruma. Sikuisoma. Niliikunja nikaitia kwenye begi la vifaa, nikamwambia nitaishughulikia.

Badala yake nilimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akasema, "Kwa umri wake, macho ni mazuri sana." Mimi nilisikia "kwa umri wake" tu, na hayo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani nikamwambia mama. Wiki mbili baadaye tukawa Kisian, mbele ya mabenchi yale.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema pale kwamba sina hakika. Jibu ninalo, na si zuri. Kama kompyuta ilikuwa mbovu, basi ubovu ulikuwa wangu, na wale kumi na mmoja walikuwa watu ambao huniletea simu zao, laptopu za watoto wao, printa za shule zao. Ilibidi kitu kimoja kati ya viwili kiwe kibovu. Nilichagua macho ya baba.

Baada ya Jumapili ile baba hakuigusa tena kompyuta. Mama aliifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, na miezi miwili ikapita. Kisha akanipigia. Mama yangu, Nasipwondi, si mtu wa maneno mengi. "Njoo uchukue kitu chako," alisema. "Anakizunguka kama kuna maiti ndani."

Nikaipeleka dukani. Siku hiyo mchana nilikuwa na kazi ya kupanga kitabu cha mazishi, kurasa kumi na sita, picha nyingi za marehemu, na kompyuta yangu ilikuwa na mteja. Nikaiwasha ya baba. Nilifanya kazi nikisahau ni ya nani. Nilikuwa nikipanua picha ya marehemu akiwa kijana pale Bondo, amesimama kando ya baiskeli, mstari wa waridi uliposhuka katikati ya uso wake. Kisha wa pili. Kisha mingine. Pembeni kushoto vidoti vya kijani vikaanza kujikusanya kama mchwa.

Nilitazama saa. Dakika arobaini na saba tangu niiwashe.

Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu, kwa mara ya kwanza. Nilibadilisha skrini, mistari ikaja. Nilibadilisha kebo, ikaja. Niliizima, nikaiacha ipoe, nikaiwasha; ikawa safi kabisa, safi kama asubuhi zile tatu. Nikaipa kazi nzito huku nikisoma joto la kadi likipanda, na lilipovuka nyuzi tisini, waridi. Nikaichomoa kadi, nikaunganisha skrini moja kwa moja kwenye bodi kuu, nikaiacha ikihangaika saa mbili. Hakukuwa na hata kidoti kimoja. Nikaifungua kadi yenyewe. Feni moja kati ya mbili ilikuwa imeganda kwa vumbi na mafuta, na ile krimu ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chaki.

Kazi yote hiyo ilinichukua mchana mmoja. Mtoto wa chuo angeweza kuifanya. Ilihitaji kitu kimoja tu, kukaa.

Nikafungua begi nikaitafuta ile karatasi. Ilikuwa chini, imepakwa uchafu wa bisibisi. Niliiweka kando ya skrini. Mistari saba. Wa tatu mnene kuliko mingine.

Ningepaswa kufunga duka dakika ileile na kwenda Otonglo. Nilikaa siku tisa. Nilijiambia ninatafuta kadi nyingine kwanza, na ni kweli niliitafuta, nikaipata siku ya pili. Siku saba zilizobaki sina maelezo yake. Siku ya tisa niliirudisha kompyuta, nikaipanga mezani, nikasema, "Baba, nimeisafisha. Ijaribu."

Hakuamini. Lakini alivuta kiti. "Leo utangoja," akasema.

"Nitangoja."

Alifungua ramani ya zamani, akaanza kuchora ukuta, kisha ukuta mwingine. Niliketi nyuma yake. Kila baada ya muda aliacha kuchora, akaikazia macho skrini kama mtu anayemngoja mgeni. Dakika arobaini. Hamsini. Saa nzima. Mama alileta chai. Karibu saa mbili.

Hatimaye aliondoa mkono kwenye kipanya, akaulaza mapajani ambapo ulianza kutetemeka.

"Basi ulisema kweli," akasema. "Ilikuwa nzima. Ni mimi."

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Niliinywa. Niliinywa yote, nikaweka kikombe chini, nikasema, "Pole, baba," nikachukua begi langu nikatoka.

Nilifika hadi barabara ya Busia. Malori yalikuwa yakipita, wanawake wakikaanga samaki kando ya lami, na mimi nimesimama hapo nisijue kwa nini. Sijui nilikaa muda gani. Mmoja wa wale wanawake aliniuliza kama ninaumwa. Nikageuka nikarudi.

Nilimkuta baba sebuleni, amesimama mbali na ukuta, amefunika jicho moja kwa kiganja. Alikuwa akisoma tarehe kwenye kalenda kwa sauti ya chini. Kisha akahamisha kiganja, akafunika jicho la pili, akaanza upya.

"Baba," nikasema. "Ilikuwa kadi. Ile niliyokuwekea mimi. Nimeitoa nikaweka nyingine."

Alishusha mkono taratibu. "Umejua lini?"

"Siku tisa zilizopita."

"Na pale Kisian?"

"Pale sikujua. Lakini sikuwa nimeangalia."

Mama alitokea mlangoni, akasikia, akarudi jikoni. Baba aliketi. Alikuwa ametulia kuliko nilivyotaka awe.

"Uliogopa nini?"

"Watu waseme nilikupa kitu kibovu."

"Ulinipa kitu kibovu," akasema, bila hasira, kama anayenisahihisha kipimo. "Kitu kibovu kinatengenezwa. Sasa usije kulia hapa kwangu. Mimi nilikuwa najua macho yangu ni mazima, mpaka leo mchana. Nenda uwaambie wale."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Kuta za wodi zilikuwa zimeshafika linta, juu ya madirisha, kwa ramani ya mtu mwingine kutoka mjini. Kamati ilikuwa imeketi kwenye mabenchi yaleyale. Niliomba nafasi, nikasimama, nikaeleza kila kitu: kibanda cha Nyalenda, dakika kumi kumi za asubuhi, karatasi ya penseli, siku tisa. Katikati ilibidi nianze sentensi moja mara mbili.

"Nyathina," Mama Adero akasema, kwani huniita mtoto wake kama anavyowaita mabinti wote wa kanisa, "siku ile ungetuambia 'sijui,' tungengoja. Wiki moja, mbili. Hatukuwa na haraka."

"Ndiyo, mama."

"Sasa ona, jengo limeshapanda."

"Ndiyo, mama."

Hakunikemea zaidi. Wiki hiyo yeye na mzee mmoja wa kanisa walikwenda Otonglo, wakanywa chai, wakamwomba baba awachoree njia ya mteremko ya kuingilia wodini, kwa ajili ya akina mama wanaoletwa kwa viti vya magurudumu. Yule wa mjini alikuwa ameisahau. Baba aliichora kwa siku mbili. Ipo, ina chuma cha kushikilia upande mmoja, na watu hupanda hapo bila kujua ni ya nani. Wodi yenyewe haikuwa yake tena, na hakuna mtu aliyejifanya kwamba ni yake.

Mimi na baba tunaongea. Huniuliza kuhusu duka, huniagiza dawa ya mama nikipita mjini, hucheka nikimsimulia wateja. Hajawahi kulirudia jambo lile, wala kulitaja mbele ya mtu. Mtu asiyetujua akituona pamoja hataona kasoro yoyote.

Wiki iliyopita nilipita nyumbani, nikakuta printa ya baba ya kutolea ramani imewekwa mahali pengine, juu ya kijimeza karibu na dirisha. Nikamuuliza mama kulikoni.

"Ilikuwa inakataa kuvuta karatasi," alisema. "Imepona."

"Mbona hamkuniita?"

Mama alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa. "Baba yako alimwita Mathews." Mathews ni fundi wa redio na televisheni, ana kibanda ng'ambo ya barabara. Kompyuta anazijua kwa kubahatisha.

"Aliikuta na nini?"

"Mimi sijui mambo yenu hayo," mama akasema. "Alikaa nayo mchana kutwa."